Kamera haijui inamtazama nani

Kipimamwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Kinachokijua ni kiasi cha mwanga kinachokifikia, na kimeundwa kwa dhana moja tu: kwamba ukichanganya kila kilichomo kwenye fremu, weupe na weusi, jua na kivuli, utapata kijivu cha wastani. Kwa hiyo kila unapobonyeza kitufe katika modi ya otomatiki, kamera hujipanga ili jumla ya picha iangukie kwenye kijivu hicho. Kwa mtaa wa kawaida wenye kuta, miti, barabara na watu, dhana hiyo hufanya kazi vizuri. Lakini hapa Moshi vitu viwili ambavyo karibu kila mwenye kamera hutamani kuvipiga, yaani theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na nyuso za ndugu zake, ndivyo hasa vinavyoathirika: theluji hutoka ya kijivu, na uso wa mtu mweusi aliyevaa nguo nyeupe, au aliyeketi mbele ya anga, hutoka na giza kiasi kwamba macho hayaonekani.

Hiyo ndiyo sababu iliyonifanya nigeuze gurudumu la juu ya kamera hadi kwenye herufi M, yaani modi ambayo mpigapicha hupanga mwanga mwenyewe kwa mkono, na ndiyo sababu ya kumwandikia haya yeyote anayeanza. Masomo mengi ya wanaoanza hufunguliwa kwa mchoro wa pembetatu yenye tundu la lenzi, kasi ya shata na ISO, kisha mwanafunzi huambiwa akariri namba. Pembetatu hiyo si ya uongo, ila nadhani huletwa mapema mno. Namba zake zinaeleza namna ya kuingiza mwanga. Hazisemi mwanga kiasi gani unatosha, wala unatosha kwa ajili ya nani, na hilo ndilo swali ambalo modi ya M inakukabidhi.

Hata hivyo namba hazikwepeki, nami nitazipitia haraka. Tundu la lenzi huandikwa kwa herufi f na namba, kama f/2.8, f/4, f/5.6, f/8, f/11 na f/16, na jambo linalowachanganya wengi ni kwamba namba ikiwa kubwa tundu huwa dogo. Maelezo yake ni mepesi: namba hiyo ni kigawanyo. Lenzi ya milimita 50 ikiwekwa kwenye f/2 ina tundu lenye kipenyo cha milimita 25. Ikiwekwa kwenye f/4, kipenyo ni milimita 12.5, na kwa kuwa nusu ya kipenyo ni robo ya eneo, mwanga unaopita ni robo ya ule wa kwanza. Kasi ya shata ni muda ambao mwanga unaruhusiwa kuingia, kama 1/60, 1/125, 1/250 ya sekunde. ISO ni kiasi ambacho kamera huukuza mwanga ambao kihisi chake kimeshaupokea, na ukiipandisha sana picha huanza kuwa na chenga. Kila moja ya namba hizi hupanda na kushuka kwa hatua, na hatua moja maana yake ni mwanga maradufu au nusu yake. Ukitoka f/5.6 kwenda f/4 umeongeza hatua moja. Ukitoka 1/125 kwenda 1/250 umepunguza hatua moja. Na ukifanya yote mawili kwa pamoja, picha itakuwa na mwanga uleule. Kwenye kamera nyingi gurudumu likilia mara tatu umemaliza hatua moja, jambo linalokuwezesha kuhesabu kwa kidole bila kuondoa jicho kwenye kitundu cha kutazamia.

Zoezi lililonifungua macho halihitaji safari wala mtu wa kupigwa picha. Mchana wa jua kali, mawingu yakiwa hayapo, nilitandika nje shuka jeupe, na kando yake koti jeusi la sufu, nikavipiga picha kimoja kimoja kwa modi ya otomatiki, kila kimoja kikijaza fremu yote. Picha zote mbili zilitoka karibu sawa, shuka likiwa na kijivu cha majivu na koti likiwa na kijivu cha vumbi, kana kwamba ni nguo moja. Kisha niliweka M, ISO 100, f/16 na 1/100 ya sekunde, bila kukitazama kabisa kipimamwanga, nikapiga tena vyote viwili kwa namba hizohizo. Shuka likatoka jeupe na koti likatoka jeusi.

Namba hizo sikuzibuni. Ni kanuni ya zamani ya wapigapicha wa filamu, inayosema kwamba kwenye jua kamili la mchana, ukiweka f/16, kasi ya shata inatakiwa iwe moja juu ya ISO unayotumia. Inafanya kazi kwa sababu inahesabu mwanga unaoangukia kitu, si mwanga ambao kitu kinaurudisha. Jua linalopiga shuka ndilo linalopiga koti. Tofauti yao iko kwenye kitambaa. Kipimamwanga cha ndani ya kamera kinaona tu kile kinachorudishwa, na ndiyo maana hakiwezi kutofautisha shuka jeupe lililoko kivulini na koti jeusi lililoko juani. Ukishaelewa hilo, mstari mdogo wenye sifuri katikati, unaouona ndani ya kitundu cha kutazamia, upande wa chini, hautakuwa tena amri ya kutii. Utakuwa taarifa: mahali ulipolenga, kamera ingependa pawe kijivu. Uamuzi wa pawe namna gani unabaki kwako.

Mmarekani Ansel Adams, akishirikiana na Fred Archer, alilipangilia wazo hili karibu na mwaka 1940 katika mfumo wa kanda za mwanga, kuanzia kanda ya 0 ambayo ni weusi mtupu hadi kanda ya 10 ambayo ni weupe wa karatasi tupu, kijivu cha kipimamwanga kikiwa kwenye kanda ya 5, na umbali kati ya kanda moja na nyingine ukiwa hatua moja. Mimi hutumia sehemu ndogo tu ya mfumo huo. Huchagua kitu kimoja kilicho muhimu kuliko vyote kwenye fremu, huuweka upimaji wa mwanga kwenye nukta ya katikati ili kamera isome kitu hicho peke yake, kisha hujiuliza kitu hicho kinapaswa kuwa juu au chini ya kijivu, na kwa hatua ngapi.

Kwa Kibo jibu liko juu. Kutoka mjini Moshi kilele hicho, chenye mita 5,895, kiko takriban kilomita 30 kaskazini, na kwa kawaida hujitokeza mapema asubuhi kabla mawingu hayajapanda, au jioni yanaposhuka. Jua hukifikia kabla ya kuufikia mji, kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi theluji inaweza kuwa tayari inang'aa wakati mabati na miti huku chini bado vina giza. Kamera ikipima fremu nzima, giza la mji litaishawishi iongeze mwanga na theluji itaungua, yaani itabaki doa jeupe lisilo na mkunjo wala ufa. Ukivuta karibu hadi barafu ikajaza fremu, itafanya kinyume chake na kukuletea kijivu. Ninachofanya ni kupima theluji peke yake na kuongeza hatua moja na nusu, au mbili ikiwa jua limeipiga sawasawa. Asubuhi yenye anga safi hilo hunipa takriban ISO 100, f/8 na 1/60, na kwa lenzi ndefu kasi hiyo inahitaji stendi ya miguu mitatu. Kuna jambo jingine ambalo mwenye kutaka picha nzuri ya mlima anafaa kulijua: sisi wa Moshi tunautazama uso wa kusini. Desemba hadi Februari jua huchomoza upande wa kusini mashariki na kuumulika uso huo moja kwa moja. Juni na Julai huchomoza upande wa kaskazini mashariki, na sehemu kubwa ya upande wetu hubaki kwenye kivuli. Hakuna namba ya kamera inayoweza kulirekebisha hilo.

Nyuso ndizo zilizonigharimu muda mwingi, na ningependa kukaa hapo.

Chukua siku ya Komunyo ya Kwanza. Watoto wametoka kanisani wamevaa gauni na mashati meupe, jua la saa tano limewasimamia utosini, na kila mzazi anataka picha mbele ya mlango. Weupe wa nguo unachukua sehemu kubwa ya fremu, kwa hiyo kamera ya otomatiki hupunguza mwanga mpaka gauni liwe la kijivu, na uso wa mtoto, ambao tayari ulikuwa chini ya gauni kwa hatua tatu au zaidi, huzama. Halafu anayefuata kwenye mstari ni mjomba mwenye suti nyeusi, na kamera hiyohiyo, mahali palepale, chini ya jua lilelile, hubadilisha mawazo na kuongeza mwanga. Ukizipanga picha hizo kwenye albamu, mtoto mmoja ana rangi tatu. Kwenye M, namba ulizoweka kwa mtoto wa kwanza hubaki zilezile kwa wa mwisho mradi mwanga haujabadilika, awe amevaa nini, na huo ndio ubora wa kwanza wa modi hii ambao ningemtajia mtu anayeuliza kwa nini ajisumbue.

Kuzibakiza namba peke yake hakutoshi, kwa sababu tofauti kati ya kitambaa cheupe na ngozi nyeusi kwenye jua la mchana ni kubwa kuliko kamera inavyoweza kuibeba kwa raha. Niliyojifunza ni kuhama. Upande wa kanisa wenye kivuli, ukuta ukiwa nyuma na anga wazi ikiwa mbele ya watoto, mwanga huwa laini na hupungua kwa takriban hatua tatu, lakini unawafunika wote sawasawa, na vivuli vyeusi vya chini ya nyusi hutoweka. Hapo hulenga nukta ya upimaji kwenye shavu la mtoto, hupanga namba hadi mstari usome sifuri au theluthi mbili chini ya sifuri kulingana na weusi wa ngozi, kisha hupiga moja ya majaribio na kutazama kama gauni linapepesa kwenye kioo cha kamera. Kupepesa ni onyo kwamba sehemu hiyo imeungua. Likipepesa kwenye ukingo wa lesi tu, naliacha. Likipepesa kifua kizima, hupunguza theluthi moja. Kati ya nguo na uso, uso ndio unaoshinda, na kwa sababu hupiga kwa faili ghafi la RAW najua kwamba weupe kidogo unaokaribia kuungua unaweza kurudishwa baadaye kwenye kompyuta, huku uso uliofichwa gizani ukivutwa juu hurudi na chenga na rangi ya udongo uliopauka.

Nyumbani kwa bibi yangu, kule Uru, tatizo lilikuja kwa umbo jingine. Alikuwa ameketi kibarazani akichambua maharage kwenye ungo, nyuma yake kukiwa na uwanja uliopigwa na mwanga na mbele yake migomba. Nilimwamkia, nikamwomba ruhusa, akasema nipige ila nisimwambie atabasamu. Kwa fremu nzima kamera ilitaka 1/1000 ya sekunde kwenye ISO 400 na f/4. Nilipoielekeza nukta kwenye paji la uso wake, ikasoma 1/250, tofauti ya hatua mbili kamili. Niliweka 1/320, kwa kuwa ngozi yake ni nyeusi kuliko kijivu na sikutaka kumbadilisha, nikauacha uwanja wa nyuma uungue. Mikunjo ya pembeni mwa macho ilionekana yote, na nyuzi za kilemba chake, na hata vumbi la maharage kwenye vidole. Aliitazama kwenye kioo cha kamera kwa muda, akauliza kama naweza kumsafishia kubwa ya kutundika ukutani.

Jambo moja halikukubali kurekebishwa kwa namba: mwanga uliopenya kwenye majani ya migomba ulikuja na ukijani, na ulionekana zaidi chini ya kidevu. Mizani ya weupe, yaani mpangilio wa kamera unaosawazisha rangi ya mwanga, iliupunguza lakini haikuuondoa, kwa sababu upande mmoja wa uso ulipata mwanga wa anga na upande wa pili mwanga wa majani. Siku hizi, nikiwa kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, humwomba mtu asogee hadi ukingoni mwa migomba, mahali ambapo anga inamfikia kwanza.

Nasisitiza habari ya ngozi kwa sababu ina historia. Katika enzi ya filamu za rangi, maabara za kusafisha picha zilirekebisha mashine zao kwa kutumia kadi za kulinganishia za Kodak, zilizojulikana kwa jina la Shirley, ambazo kwa muda mrefu zilikuwa na picha ya mwanamke mweupe. Ngozi yake ndiyo iliyohesabiwa kuwa sahihi, na wengine wote walitoka kama walivyotoka. Albamu za familia nyingi hapa zina picha ambazo ndani yake gauni la bibi harusi linaonekana hadi ushonaji wake, huku nyuso za watu zikiwa vivuli vyenye meno. Wapigapicha waliosafisha picha hizo walikuwa hodari; walifanya kazi kwa vifaa ambavyo havikupimwa kwa ajili ya wateja wao. Kamera za leo ni bora sana, na nyingi hutambua nyuso na kuzipa uzito katika kupima, lakini kijivu kilekile bado ndicho kituo zinachokirudia. Mtu anayejifunza M anajifunza kusema, kwa hatua na theluthi za hatua, kwamba uso huu una weusi huu na unapaswa kubaki nao, ukiwa na mwanga wa kutosha kuonekana.

Zoezi jingine ninalolipenda ni la machweo. Karibu na Ikweta jua hushuka karibu wima, kwa hiyo magharibi yetu ni fupi: tangu jua lizame hadi giza lianze kutawala ni kama dakika 20 tu. Panda ghorofa yoyote yenye kuona barabara, weka tundu na ISO usiviguse, na tumia shata peke yake kuufuata mwanga unavyopungua, ukianza na 1/500 na kuteremka. Kidole kitajifunza hatua haraka kuliko kwa kusoma. Pia utaona kwa macho yako mahali ambapo bodaboda zinaacha kuganda na kuanza kuwa mistari, na mahali ambapo mkono wako mwenyewe unaanza kuitikisa picha. Kwa lenzi ya milimita 55 kwenye kamera yenye kihisi kidogo, mahali hapo ni karibu 1/80. Maporomoko ya Materuni yanayofanywa kuwa kama uzi wa pamba kwa shata ya robo sekunde ni matumizi ya kanuni hiyohiyo kwa upande wake wa pili, na sina la kuongeza isipokuwa kwamba stendi ni lazima.

Ukumbini mambo hubadilika tena. Umeme wetu ni wa Hz 50, na taa za mirija pamoja na LED za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, shata inaona. Ukipiga sendofu kwa 1/250 chini ya taa hizo, baadhi ya picha zitakuwa na utepe wa giza au wa rangi ya njano, na picha mbili zilizofuatana hazitafanana hata kama namba hukuzigusa. Weka 1/100, au 1/50 kama watu wametulia, ili kila picha ikamilishe mzunguko mzima wa taa, kisha fungua tundu kadiri lenzi inavyoruhusu na upandishe ISO hadi 3200 bila woga. Chenga kidogo kwenye ukuta wa ukumbi hazimkeri mtu anayeuona vizuri uso wa mama yake.

Sikubaliani na wanaosema kwamba mpigapicha wa kweli hutumia M wakati wote. Mwanga ukiwa haubadiliki, M haina mpinzani. Mwanga ukibadilika kila baada ya sekunde chache, kama katika soko la Mbuyuni ambako mtu anatoka juani na kuingia chini ya turubai kabla hujameza mate, mimi hupanga tundu na shata kwa mkono, naiachia kamera ISO, na hutumia kitufe cha fidia ya mwanga kuiambia kile ambacho haijui: theluthi mbili chini kwa muuza mkaa aliyesimama mbele ya magunia yake, hatua moja juu kwa muuza unga aliyezungukwa na viroba vyeupe.